Umemaliza wa kwanza, halafu unaambiwa ukacheze tena

Blues wako mita chache tu kutoka mstari wa trai wa Chiefs (raga hii, ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari huo ndo trai), saa imeshapita dakika 80, na wao wanagonga tu. Mtu anabeba anaangushwa, mwingine anabeba anaangushwa, na uwanja mzima pale Hamilton unajua mpira ukidondoka mara moja tu mechi imeisha.

Haukudondoka.

Trai ikaingia, mpira wa kuongezea pointi ukapita katikati ya nguzo, 20-19, na Blues wakawa wamemfunga kinara wa msimamo wa Super Rugby Pacific 2025, ligi ya raga ya New Zealand, Australia na Pasifiki, nyumbani kwake.

Nilikuwa naangalia marudio na jamaa yangu mmoja ambaye yeye maisha yake yote ni soka, raga anaitazama kwa kunihurumia tu. Akanyoosha miguu akasema haya, Chiefs ndo basi tena. Nikamwambia hapana, wanaendelea nusu fainali.

"Si wamefungwa?"

"Wamefungwa, ila kati ya waliofungwa raundi hii wao ndo walikuwa juu zaidi kwenye ligi, kwa hiyo wanapita."

"Juu zaidi wapi?"

"Walimaliza wa kwanza."

Akanigeukia. "Sasa mzee, kama walimaliza wa kwanza kwenye ligi, si ndo mabingwa?"

Nikafungua mdomo nimjibu nikakuta sina jibu fupi. Nilikuwa na lile jibu refu la kila siku, la kwamba raga ndo ilivyo, mchujo, zile mechi za mtoano za timu za juu baada ya ligi kuisha, una raha yake, bingwa wa kweli anajulikana siku ya fainali, na nilipoanza kulisema nikasikia mwenyewe kwamba halijakaa sawa. Wiki kadhaa sasa linanizunguka kichwani, ndo maana naandika.

(Chiefs, kwa taarifa, waliwafunga Brumbies wakafika fainali, lakini kile kipigo cha Blues kiliwanyang'anya uenyeji, fainali ikachezwa Christchurch, Crusaders wakachukua 16-12. Na 2023 pia Chiefs walimaliza juu ya wote, fainali wakacheza kwao, na ni Crusaders haohao waliowafunga 25-20. Mara mbili kinara, kombe hakuna.)

Gloucester na mlango uliohamishwa

Ukitaka kujua kwa nini watu wa raga bado wanabishana juu ya hili, nenda England mwaka 2002.

Wakati ule ligi ilikuwa na mchujo wa timu nane mwishoni mwa msimu, ila ubingwa haukutoka huko, bingwa alikuwa yule aliyeongoza msimamo. Leicester wakaongoza, Leicester wakawa mabingwa. Gloucester wao wakashinda mchujo, wakawafunga Bristol 28-23 pale Twickenham, wakanyanyua kombe, wakapiga picha, wakarudi kwao na kombe ambalo halikuwa ubingwa.

Msimu uliofuata sheria ikageuzwa. Sasa atakayeshinda fainali ndo bingwa.

Na Gloucester nao si wakageuka! Msimu wa 2002-03 wakaongoza ligi kwa pointi 15 zaidi ya Wasps waliokuwa wa pili. Kumi na tano, kwenye ligi ambayo kushinda mechi ni pointi nne, yaani Gloucester wangeweza kulala mechi tatu nzima na bado wakaamka juu. Mwaka ambao mchujo hauhesabiki wanashinda mchujo, mwaka ambao msimamo hauhesabiki wanaongoza msimamo.

Utaratibu ulikuwa kwamba wa kwanza anaingia fainali moja kwa moja, wa pili na wa tatu wanagombea nafasi iliyobaki. Kwenye karatasi hiyo ni zawadi kwa kinara. Uwanjani ilikuwa adhabu, kwa sababu Gloucester walikaa wiki tatu bila mechi ya maana, wakati Wasps walicheza nusu fainali na Northampton, halafu wiki moja kabla ya fainali wakachukua na kombe la pili la Ulaya kwa kuwafunga Bath. Siku ya fainali timu moja inatoka mazoezini na nyingine inatoka vitani.

39-3.

Mtu yeyote aliyeona ile mechi hawezi kusema Gloucester walionewa siku ile. Walipigwa, walipigwa vizuri, Wasps walikuwa bora kwa kila kitu. Ila swali la jamaa yangu halihusu siku ile. Linahusu miezi yote iliyotangulia, zile mechi 22, nyumbani na ugenini na kila mtu, kwenye matope na kwenye mvua. Zilipimwa zikaandikwa, halafu zikageuzwa kuwa tiketi ya kuingilia.

Na mfumo ule wa kinara kwenda fainali moja kwa moja ulitumika misimu mitatu. 2003 Gloucester wakafungwa, 2004 Bath wakafungwa, 2005 Leicester wakafungwa. Zote tatu na Wasps, ambao hawakuongoza msimamo hata msimu mmoja kati ya hiyo. Mi nawaheshimu sana Wasps wa nahodha Dallaglio, walikuwa wameusoma mtihani wakajua swali liko ukurasa wa mwisho, lakini mitihani mitatu mfululizo anayeongoza darasa anafeli, hapo hata mwalimu ajiangalie.

Hebu tuiweke kwenye soka

Msimu wa 2003-04 Arsenal walicheza mechi 38 bila kufungwa hata moja, wakamaliza na pointi 90. Liverpool walikuwa wa nne na pointi 60.

Sasa fikiria mtu anakuja Mei anasema hongereni sana Arsenal, mmefanya kazi nzuri, jumamosi mnacheza nusu fainali na Liverpool, mkifungwa tutaonana Agosti.

Watu wangechoma kitu.

Nilimtumia jamaa yangu mfano huu nikidhani namsaidia kuielewa raga, akanijibu kwa neno moja tu, "Wizi." Na kwa siku kadhaa nilikuwa upande wake kabisa, nilishaanza hata kuandika makala tofauti na hii, kali, yenye kichwa cha habari cha kugombana.

Kilichonirudisha nyuma

Kilichonirudisha nyuma ni kwamba nilianza kuuangalia msimamo wenyewe. Sisi tunauchukulia msimamo kama mizani ya dhahabu, kumbe nao una mkono wa mtu.

Chukua Februari. Mashindano ya Mataifa Sita yanaanza, na kwa miaka mingi ligi za England na Ufaransa hazikusimama. Klabu yenye wachezaji wengi wa timu ya taifa inabaki na vijana wa akademia na wazee wanaomalizia mikataba, inaenda ugenini hivyohivyo, inafungwa. Klabu ambayo haina hata mchezaji mmoja anayeitwa taifa inacheza na kikosi chake kamili na inakusanya pointi. Mei ikifika, msimamo hauandiki kwamba hizi pointi nne zilipatikana wakati mwenzako yuko nusu. Pointi nne ni pointi nne.

Na mbaya zaidi ni Kombe la Dunia. 2003 ligi ya England iliendelea kuchezwa huku kombe likichezwa Australia. Leicester walikuwa na Martin Johnson huko, nahodha wa England mwenyewe, na wenzake kadhaa. Yaani klabu inaadhibiwa kwa kosa la kulea wachezaji wazuri, ukilea vizuri zaidi unaadhibiwa zaidi. Ukiniuliza mfumo gani wa haki unafanya hivyo, sina.

Kwa jicho hilo mchujo unabadilika sura kabisa. Mei na Juni hakuna mechi za mataifa, kila klabu ina watu wake wote waliopona, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze tunaona timu halisi zikikutana. Mtetezi wa mchujo anaweza kusema, na ana hoja, kwamba msimamo unakwambia nani alivumilia na mchujo unakwambia nani ni bora.

Halafu kuna ligi ambazo msimamo wake haujakamilika kabisa. Hii ndo iliniuma zaidi kwa sababu ndo jibu ambalo ningempa jamaa yangu usiku ule kama ningekuwa na akili ya haraka. NRL ya Australia, raga ya watu 13, ina timu 17 na kila moja inacheza mechi 24. Ili kila mtu akutane na kila mtu nyumbani na ugenini zinahitajika 32. Ile URC ya timu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini ina timu 16, mechi 18 badala ya 30. Na hao Chiefs wetu, Super Rugby 2025 ilikuwa na timu 11 na mechi 14, zilitakiwa 20. Kuna timu umekutana nayo mara mbili na kuna nyingine mara moja tu, labda kwako, labda kwake, kutegemea aliyepanga ratiba aliamkaje.

Haiwezekani kufanya vingine, jamani. Raga sio soka, mwili haubebi mechi 32 za kugongana halafu na timu ya taifa juu yake.

Kwa hiyo msimamo wa ligi kama hizo ni makadirio mazuri, sio hesabu iliyofungwa. Kumvika mtu taji kwa makadirio nayo si haki. Ndo maana Munster walivyochukua URC 2023 wakiwa wamemaliza wa tano sikusikia ukakasi wowote, kwa sababu walienda Glasgow wakashinda, wakaenda Dublin wakawatoa Leinster waliokuwa wameongoza msimamo, 16-15, halafu wakasafiri mpaka Cape Town wakawafunga Stormers 19-14 mbele ya watu wao. Mechi tatu zote ugenini. Ukimwambia mtu huyo kabahatisha una roho mbaya.

Lakini mbona kushuka daraja hawabishi?

Hapa nilidhani nimeshapata jibu. Ratiba sawa na vikosi kamili, msimamo utoshe, ratiba ya kukatakata, mchujo. Safi.

Kisha nikakutana na 2005 na nikavurugika upya.

Siku ya mwisho ya ligi ya England msimu ule Harlequins walikuwa nyumbani wanapigania kubaki. Wakafungwa na Sale 23-22. Pointi moja. Wakashuka daraja, klabu kongwe, bila mechi ya marudiano, bila mtu kusema ngoja kwanza Februari ilikuwa ngumu, msimamo huu una kasoro, tuwape mechi moja ya kujitetea wakiwa na kikosi kamili. Msimamo ulisema wa mwisho, basi wa mwisho.

Msimamo uleule, karatasi ileile, mstari wa juu kabisa uliandika Leicester. Wao wakaambiwa wasubiri, haijaisha. Wakaenda Twickenham wakafungwa 39-14.

Yaani karatasi moja inaaminika kumfukuzisha mtu kazi ila haiaminiki kumpa mtu kombe!

Hili sijapata anayeweza kunijibu vizuri. Jibu la kweli wote tunalijua ila halisemwi kwa sauti, fainali inajaza Twickenham na kuuza haki za televisheni, wakati mechi ya Harlequins dhidi ya kushuka haihitaji kutengenezwa, inajitengeneza yenyewe. Super League, ile raga ya watu 13 ya England, angalau walikuwa wakweli hadi mwisho, kuna miaka waliweka na fainali ya kushuka daraja. 2016 Hull KR wakaongoza mpaka dakika za mwisho kabisa, Salford wakasawazisha, ikaenda muda wa nyongeza, drop-goli moja (mpira unaudondosha chini ndo unaupiga) kutoka mbali, 19-18, Hull KR chini. Ukatili mtupu. Ila huwezi kusema wanapima juu na chini kwa mizani mbili tofauti.

Na sina shida na pesa, niseme ukweli. Klabu zinakufa. Worcester, London Irish na hao hao Wasps walianguka ndani ya msimu mmoja wa 2022-23 kwa madeni. Ukiniambia fainali inalipa mishahara nitakusikiliza, ila usiniambie tena kwamba ni kwa ajili ya haki.

Wangapi waingie

Sehemu kubwa ya hasira yangu nimegundua haiko kwenye mchujo wenyewe, iko kwenye mlango kuwa mpana. NRL inaingiza timu nane kati ya 17. URC nane kati ya 16, nusu nzima. Super Rugby sita kati ya 11, yaani kutoingia ndo kazi ngumu. Top 14 ya Ufaransa inachukua sita, na 2018 Castres wakiwa wa sita walipanda mpaka fainali wakawafunga Montpellier, walioongoza msimamo, 29-13. Wafaransa hata hawakushtuka sana maana kwao fainali ndo kila kitu, ile ngao ya Brennus inagombewa tangu 1892 na mtu akikwambia alimaliza wa kwanza kwenye msimamo watamuuliza sawa, na ngao iko wapi.

Halafu kuna ubunifu wa ajabu. Super League waliwahi kuwa na utaratibu wa kumpa timu ya juu zaidi haki ya kuchagua mpinzani wake wa nusu fainali. Zawadi ya kuongoza ligi, chagua unayemtaka. 2011 Warrington, vinara, wakawachagua Leeds waliokuwa wamemaliza wa tano. Leeds wakashinda 26-24 na wakaenda kuchukua ubingwa. 2012 Wigan, vinara, wakaangalia yaliyotokea mwaka jana wakawachagua Leeds tena, waliomaliza tena wa tano. Leeds wakashinda 13-12 na wakachukua ubingwa tena.

Utaratibu ule baadaye ukafutwa, nadhani unaelewa kwa nini.

Niko wapi sasa

Sio kwamba mchujo ni bahati nasibu. England kuanzia 2022 mpaka 2025 misimu minne mfululizo kinara ndo kachukua fainali, Leicester, Saracens, Northampton, Bath. Na tangu 2023-24 ligi yao ni timu kumi, mechi 18, kila mtu na kila mtu nyumbani na ugenini, na wanasimama kupisha Mataifa Sita. Yaani ile hoja yangu ya Februari, ambayo ndo ilinigeuza, pale haipo tena. Ligi ile ndo yenye msimamo safi kuliko wote niliowataja na kwa kipimo changu mwenyewe haihitaji mchujo, lakini najua hawautoi, tusidanganyane.

Basi ninachotaka ni kidogo. Wanne tu waingie. Fainali ichezwe nyumbani kwa aliyemaliza juu, sio uwanja wa katikati. Na hili la tatu ndo nalipigania zaidi: dakika 80 zikiisha sare, hakuna muda wa nyongeza, aliyemaliza juu kwenye msimamo anapita. Unataka kumvua kinara, mfunge, usimchoshe.

Ukiona ni kitu kidogo angalia nyuma. 2014 Saracens waliongoza ligi, fainali na Northampton ikawa sare baada ya dakika 80, wakafungwa 24-20 kwa trai ya sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. 2017 Wasps waliongoza, fainali na Exeter 20-20, wakafungwa kwa penalti muda wa nyongeza. 2021 Bristol waliongoza, nusu fainali na Harlequins wa nne, wakawa mbele 28-0, wakarudishwa mpaka 36-36, wakafungwa 43-36 muda wa nyongeza. Vinara watatu waliotolewa bila kufungwa ndani ya dakika 80. Msimu mzima uliowaweka juu haukuwa na thamani hata ya sare moja.

Jamaa yangu nilipomwelezea hii akasema hiyo anaikubali, ingawa bado anaona ni wizi uliopunguzwa bei.

Ina gharama yake, nimeshaifikiria. Fainali ya 2022, Leicester na Saracens 12-12, dakika ya mwisho kabisa, Freddie Burns anarudi nyuma kidogo, anapiga drop-goli, inaingia, 15-12, Leicester mabingwa. Leicester ndo walikuwa vinara. Kwa sheria yangu Burns angeupiga mpira nje tu, mechi ikaisha sare na wao wakachukua kombe wakitembea. Lile shuti lisingekuwepo, na nimeliangalia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Bado naitaka sheria yangu.